Kupima krankshafti kwa mikroni

Gerejini kwetu Mwanjelwa, maikromita ni kifaa cha kupimia unene; kipimo chenyewe tunakiita mikroni. Jina hilo lilifutwa rasmi katika vipimo vya kimataifa mwaka 1967, ila mafundi tumebaki nalo. Milimita moja ina mikroni 1,000. Unywele una kama 70. Nafasi ya oili kati ya shingo ya krankshafti (sehemu ya mviringo ya ule mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi inayoishika, kwa injini nyingi ndogo, ni nyembamba kuliko unywele huo, kwa hiyo usiipime kwa ukucha.

Hatua ya 1. Futa shingo hadi oili yote itoke. Bana karatasi safi katikati ya midomo ya maikromita, ivute taratibu itoke na uchafu. Kisha hakiki sifuri kwa kile kipande cha chuma kilichokuja na kifaa.

Hatua ya 2. Subiri joto lilingane. Hapa Mbeya hatua hii wengi wanairuka. Asubuhi ya Julai chuma ni baridi kama mawe ya mtoni, na maikromita umetoka nayo mfukoni. Shingo ya milimita 50 hutanuka takriban mikroni 6 joto likipanda nyuzi 10. Laza vyote viwili juu ya meza moja, kanywe chai. Ukirudi, shika fremu kwa kitambaa.

Hatua ya 3. Funga kwa kitufe cha mwisho, kile kinacholia ta-ta-ta. Kikilia mara tatu, acha. Soma shina, ile sehemu isiyozunguka yenye mistari ya milimita: tuseme 47.5. Ngoma, ile sehemu inayozunguka, ina mistari 50, kila mmoja mikroni 10. Ukisimama kwenye 46, una milimita 47.96.

Hatua ya 4. Geuza maikromita robo duara kuzunguka shingo, pima tena. Niliwahi kupima upande mmoja tu nikaridhika. Mteja akarudi kutoka Chunya injini inagonga. Shingo ilikuwa imelika kama yai. Tangu hapo napima mara nne kila shingo: wima na mlalo, karibu na kila ncha.

Hatua ya 5. Linganisha na kitabu cha injini hiyo. Imepungua kupita kiwango? Inasagwa, mara nyingi kwa mikroni 250, yaani milimita 0.25, na beringi nene ya kuziba pengo hilo huandikwa 0.25. Nunua beringi kwanza, uishike mkononi, ndipo upeleke krankshafti kusagwa.