Jinsi ya kuomba kibali cha utafiti wa afya kwa jamii ndogo: mfano wa Wahadzabe wa Yaeda Chini

Tuseme wewe ni mwanasosholojia, unataka kujua kwa nini mama wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji wanaohamahama, wa bonde la Yaeda mkoani Manyara, hapati huduma ya kliniki sawa na mama wa Mbulu mjini. Utaambiwa, "Hupimi damu, hutoi dawa, ni maswali tu. Kibali cha nini?" Usisikilize. Ukigusa afya ya mtu, hata kwa dodoso, lazima upite kamati ya maadili.

Anzia chuoni: andiko la utafiti lipitishwe na idara, upewe barua ya utambulisho. Kisha omba ithibati ya maadili NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979. Ombi hutumwa mtandaoni. Ambatanisha andiko, dodoso, wasifu wa kila mtafiti, bajeti, barua ya chuo, na fomu ya ridhaa kwa Kiingereza na Kiswahili.

Fomu hiyo ya ridhaa ndiyo iliyonitesa. Yangu ilirudishwa mara mbili, na kwa haki. Niliandika: "Utafiti unalenga kubainisha vihatarishi vya kijamii vya matokeo ya afya." Nani ataelewa hayo chini ya mbuyu? Baadaye nikaandika: "Tunataka kujua mkiugua mnakwenda wapi, na kwa nini." Na badala ya "ushiriki ni wa hiari" nikaweka: "Ukikataa, hakuna atakayekunyima dawa zahanati." Kwa asiyesoma, eleza ndani ya andiko kwamba fomu itasomwa kwa sauti, mkalimani ataitafsiri kwa Kihadzabe, na dole gumba litawekwa mbele ya shahidi asiye wa timu yako.

Suala la usiri nalo lina mtego wake. Wahadzabe wote ni kama elfu moja na kitu. Ukiandika "mama wa watoto watano aliyejifungua njiani kipindi cha masika", hata ukimpa jina la bandia, bonde zima litajua ni nani. Sema mapema kwamba hutataja kambi wala idadi ya watoto, na kwamba sauti ulizorekodi zitafungwa kwa nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Mtafiti wa kigeni aongeze kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kisha kibali cha ukaazi daraja C kutoka Uhamiaji.

Ithibati ikitoka, soma masharti yaliyo kwenye cheti kabla ya kukiweka kwenye fremu. Kinadumu mwaka mmoja, kinataka ripoti ya maendeleo kila miezi sita, na matokeo hayachapishwi bila ruhusa ya NIMR.

Sasa safari. Barua ya kwanza ni kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Babati. Atakupa barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, naye akuelekeze kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya. Halafu mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Mbulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Yaeda Chini iko chini ya ile ya Wilaya. Mimi nilikaa benchi nusu siku kwenye ofisi isiyohusika, barua mkononi, anwani si yao. Beba nakala kumi, na kila ofisi wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Muhuri wa mtendaji haukupi ruhusa ya kambini. Wahadzabe hawana chifu wa kuwasemea: kila kambi unaomba upya, na kila mtu peke yake. Kwenye ratiba na bajeti weka siku za ziada, maana unaweza kufika ukakuta majivu ya moto tu, wenyewe wameshahama.