Kabla hujaja Iringa kwa siku moja: Isimila, Kalenga na ulanzi

Ndugu na marafiki wanaotaka kuja Iringa kutembea huniuliza kwanza bei ya gari. Mimi huwauliza kwanza mwezi. Siku moja ya kuzungushwa na mwongoza wageni inatosha kuona korongo la Isimila, makumbusho ya Kalenga, jiwe la Gangilonga, na kuonja ulanzi, pombe ya mwanzi, kwa mwenyewe anayeugema. Ila mambo hayo manne hayapendi msimu mmoja, na asiyelijua hilo atafika akakosa kimojawapo.

Ulanzi ni wa mvua. Mwanzi unaotoa pombe hii, ambao kwetu ni mlanzi, huchipua mvua zinapoanza, na ni chipukizi changa ndilo linalogemwa. Mgema hukata ncha yake kwa kisu kikali, huiinamisha kwenye mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichokaushwa kikawa chombo, kisha huacha maji yadondoke. Asubuhi na jioni hurudi, humimina kilichopatikana, na kukata tena kipande chembamba kama karatasi ili jeraha lisizibe. Kazi hiyo hushika kasi kuanzia Januari, ikaendelea hadi mvua zinapokwisha, Aprili au Mei. Ukija Agosti au Septemba utaikuta milanzi imesimama mikavu. Nilishawahi kuwapokea wageni kutoka Dar es Salaam mwezi wa tisa, wamekuja na hamu yao yote, tukazunguka vijiji vitatu bila kupata hata kikombe kimoja kibichi. Niliwahurumia, na tangu siku hiyo sikubali mtu apange tarehe bila kuniambia anafuata nini.

Sasa mvua hiyohiyo inayoleta ulanzi ndiyo inayoharibu njia za vijijini na kuifanya miteremko ya Isimila iteleze. Anayetaka mawe na historia tu, aje Juni hadi Oktoba, barabara kavu na anga safi. Anayetaka vyote, ushauri wangu ni Aprili ikielekea mwisho au Mei mwanzoni, mvua zikiwa zinapungua na milanzi bado inatoa. Januari na Februari ulanzi upo, lakini weka akilini kwamba gari linaweza kukwama na ratiba ikavunjika.

Ukishapata tarehe, zungumza na mwongozaji mapema, na mzungumze mambo yote kabla ya kutoa pesa. Muulize leseni yake. Muulize kama bei aliyokutajia ina mafuta ya gari, viingilio, chakula cha mchana, na kitu cha kumpa mgema, au kama hayo ni juu yako. Mwombe akuandikie kwa ujumbe wa simu. Wengi wa waongozaji wetu ni watu waaminifu, lakini maneno ya mdomoni husahaulika, na ugomvi wa shilingi elfu kumi mkiwa katikati ya safari unatosha kuiharibu siku nzima. Niliwahi kuungana na kundi lililoambiwa kila kitu kimelipiwa. Tulipofika getini tukaambiwa tutoe viingilio wenyewe, na wawili kati yetu hawakuwa na hela. Wakakaa garini saa nzima wakitusubiri. Viingilio vya raia na vya wageni wa nje havilingani, kwa hiyo chukua kitambulisho chako cha Taifa. Na kwa kuwa maeneo ya serikali siku hizi hupenda malipo ya namba kwa simu, weka salio kwenye simu yako, halafu ubebe na noti ndogondogo kwa ajili ya vijijini.

Swali moja zaidi la kumuuliza mwongozaji, na mimi naliona kubwa kuliko la bei: anajua Kihehe? Isimila haitakuwa na shida, lakini kwa mgema, au kwa mzee aliyekaa nje ya nyumba yake karibu na Kalenga, Kiswahili hupata majibu na Kihehe hupata simulizi. Wewe mwenyewe jifunze "kamwene", salamu yetu. Itamke kwa utulivu, usikimbilie shida zako, subiri ujibiwe. Mzee akikuitikia kwa tabasamu, mlango umefunguka.

Utaratibu wa siku nao una sababu zake. Kwa kuwa mgema hukata asubuhi na jioni, ukitaka kumwona akifanya kazi lazima utoke mapema, saa kumi na mbili na nusu uwe kwenye gari. Kwangu asubuhi ni bora kuliko jioni. Kilichodondoka usiku ni kitamu, chepesi, ndicho kinachoitwa mtogwa, na utakionja ukiwa na akili zako zote. Lakini usidanganyike na utamu wake ukadhani ni maji ya mwanzi tu. Mbeta inayotumika kila siku tayari ina chachu, na kilichomo huanza kuchachuka kikiwa bado kinadondoka. Asiyetumia pombe kwa sababu ya dini au afya aambiwe hivyo waziwazi, na watoto wasipewe kwa kisingizio kwamba bado haijakomaa. Baada ya siku moja na kuendelea ndipo unapogeuka kuwa mkangafu, mchungu na wenye nguvu, na huo ndio uliowalaza wageni wengi wasifike Kalenga.

Kabla ya kuonja, kula. Si kikombe cha chai. Kula chapati, maharage, viazi, kitu kinachokaa tumboni. Anayetumia dawa amuulize mfamasia kwanza, hasa mwenye metronidazole, maana dawa hiyo na pombe havipatani. Angalia usafi wa chombo na mahali ulanzi unapochujwa, kwa sababu nyuki na wadudu wengine huufuata utamu na huzamia mbetani. Mimi humwomba mwenye pombe aonje kwanza. Si kwamba namshuku, ni adabu niliyokulia nayo. Ukikaribishwa kitu kinachoitwa gongo, kataa kwa heshima: hiyo si ulanzi, ni pombe ya kuchemshwa na imekatazwa na sheria. Na dereva asionje hata tone. Hili lizungumzwe naye jana yake, mbele ya mwongozaji, lisiachwe hadi mmefika na kikombe kinazunguka.

Kutoka hapo nenda Isimila, ufike kabla ya saa nne. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, kisha unachepuka kidogo. Zamani palikuwa na ziwa dogo, na watu wa Zama za Mawe waliishi kandokando yake. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliokota zana za mawe pale, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell na wenzake wakachimba. Umri wa mahali hapa hukadiriwa kuwa miaka 260,000 au zaidi. Utaona shoka za mkono zilizochongwa pande zote mbili, nyingine kubwa hivi kwamba unajiuliza ni mkono gani ulioziinua. Palipatikana pia mifupa ya wanyama, pamoja na aina ya kiboko iliyokwisha kutoweka duniani.

Jambo ambalo watu hawajiandai nalo ni kwamba zana hizo zimelala chini, wazi, mbele ya miguu yako. Hakuna kioo kati yako na jiwe lililochongwa na mtu aliyeishi kabla ya jina lolote tunalolijua. Mkono unataka kuokota. Okota kama mwongozaji amekuruhusu, lishike, uone jinsi linavyokaa kwenye kiganja, kisha ulirudishe palepale ulipolitoa. Usiweke hata kipande mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, lakini hata bila sheria, jiwe likitolewa mahali pake linakuwa jiwe tu. Kilichokuwa karibu nalo, udongo uliolifunika, ndivyo vinavyomwambia mtaalamu lilitumika lini na kwa kazi gani. Waambie watoto wako kabla hamjashuka kwenye gari, usingoje hadi uwakute mifuko imejaa.

Baada ya zana ndipo mnashuka kwenye korongo la nguzo, zile nguzo za udongo mgumu ambazo maji na upepo vimezichonga kwa muda mrefu. Ni kutembea, si kupita. Vaa viatu vinavyofunga kisigino na vyenye soli inayoshika. Ndala ziache nyumbani. Chini kule upepo haufiki na jua ni kali hata siku ambayo mjini ulivaa sweta, kwa hiyo beba kofia, na maji angalau lita moja na nusu kwa kila mtu. Mwenye magoti mabovu anaweza kubaki juu akaangalia. Mandhari yanaonekana vizuri, wala hakuna haja ya kumlazimisha bibi ashuke ili apigwe picha.

Sweta lenyewe, hata hivyo, usiliache. Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi na jioni ni baridi ya kweli. Watu wa pwani hudhani tunatia chumvi. Msimu wa mvua ongeza koti la mvua, na mfuko wa plastiki wa kufungia simu.

Kalenga ni upande mwingine, kama kilomita 15 kutoka mjini kwenye njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Zipo njia za ndani za kukatiza, lakini wakati wa mvua mwambie dereva arudi mjini na kupita barabara inayojulikana. Mnaweza kula chakula cha mchana mjini hapohapo, mkaenda Kalenga saa nane.

Hapa naomba msomaji ajiandae kwa namna nyingine, ya moyoni. Kalenga palikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wake waliwashinda Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao Emil von Zelewski akafa. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana akiwa porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi pale Mlambalasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kwa jina kwamba lirudishwe, na bado likachelewa hadi 1954, gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolichagua kati ya mafuvu mengi katika makumbusho ya Bremen na kulileta nyumbani kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Fuvu hilo ndilo lililo Kalenga. Ni babu wa watu wanaoishi hapo jirani. Kwa hiyo vueni kofia, punguzeni sauti, na muulize kabla ya kupiga picha; ukikataliwa, usibishane. Akina mama wengi hubeba kitenge kwa ajili ya mahali kama hapa, nami nakiona kitu cha busara kwa yeyote aliyevaa nguo fupi kwa sababu ya joto la Isimila. Usitarajie kuta ndefu za ngome, kwa maana zilibomolewa na kilichobaki ni kidogo. Mwache mwenye makumbusho asimulie hadi mwisho. Nimeona makundi yakimkatiza kwa sababu gari linasubiri, na ilinichoma, kwa sababu simulizi ndiyo sehemu kubwa ya kilichobaki Kalenga.

Mlambalasi, Mkwawa alipofia, ni mbali zaidi kwenye njia hiyohiyo. Ukitaka kwenda huko, acha Isimila kwa siku nyingine.

Saa kumi na moja na nusu uwe Gangilonga, juu ya mji. Jina lake ni la Kihehe, jiwe linaloongea, na wenyeji husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akipanda hapo kutafakari. Kupanda ni kufupi, lakini jiwe likiwa na maji linateleza, na giza likiingia huoni pa kukanyaga, kwa hiyo beba tochi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutotembelea kilabu cha pombe kabla ya kupanda. Ukitaka mkangafu, unywe ukishashuka, mkiwa njiani kwenda kulala na siyo kwenye basi la usiku.

Wengi huomba kubeba ulanzi kwenda nao Dar. Inawezekana, ila tafuta dumu safi ambalo halijawahi kuwa na mafuta, ujaze robo tatu tu, na kifuniko usikikaze. Pombe hii haiachi kuchachuka kwa sababu umepanda basi. Hewa hujaa, dumu huvimba, na kifuniko kilichokazwa huruka kikamwagia abiria wa jirani. Liweke wima miguuni pako, si kwenye buti, na basi likisimama Morogoro kilegeze kifuniko tena.