Habari za redio Goma: kabla ya kufungua mikro

Sauti moja ya WhatsApp iliyotumwa na watu kumi bado ni chanzo kimoja. Tafuta aliyerekodi kwanza, muulize yuko wapi na aliona nini kwa macho yake, kisha piga simu kwa mtu wa pili asiyemjua wa kwanza: shefu wa kartye (mtaa), muuguzi, dereva wa barabara ile. Kuhusu volkano, pigia OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, uvumi uliwakimbiza watu kama lava yenyewe. Idadi ya vifo isomwe pamoja na jina la aliyeitoa. Hesabu mbili zikigongana, soma zote.

Kipindi cha simu za wasikilizaji ndicho hatari zaidi. Ongea na mpigaji kabla ya kumweka hewani, na fundi asiondoe mkono kwenye kitufe cha sauti. Akianza kutukana kabila, kata papo hapo, eleza kwa nini umekata, wala usirudie neno lake hata kwa kulilaani. RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, haikuwa mbali na hapa.

Maoni yasomwe nje ya taarifa ya habari, kwa sauti nyingine, yakitanguliwa na tangazo kwamba ni maoni.

Aliyebakwa: usitaje jina, avenyu wala kambi. Badilisha sauti; majirani huitambua haraka.

Kupaje, yaani pesa ambazo mwandishi hupewa na wanaotaka habari yao itangazwe, kataa, hata ya teksi. Kosa lisahihishwe katika taarifa ya saa ileile lilipotangazwa, si usiku wa manane.