Bega Likiumia: Lipime Kwanza, Ndipo Ulihudumie

Katika kazi yangu ya mazoezi tiba nakutana na makosa mawili yanayojirudia: bega lililoteguka likavutwa na mtu asiyejua, na bega lililofungwa shingoni wiki nyingi mpaka likaganda. Yote mawili yanaepukika.

Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kisahani kisicho na kina, ubavuni mwa kombe la bega. Kinashikiliwa hasa na misuli minne midogo na kano zake. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kama bega.

Hatua ya 1: Tafuta hatari

Linganisha mabega yote mawili. Likiwa moja limepoteza mviringo wake na kubaki na pembe, huenda limeteguka. Usilivute, tafadhali! Mara nyingi mfupa huwa umetokea mbele, karibu na mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, na huenda umevunjika pia. Gusa ngozi ya upande wa nje wa bega uone kama ina ganzi. Ikiwa mkono wa juu ndio ulioumia, mwambie mgonjwa anyanyue kiganja. Kikining'inia tu, mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa huo umeumia. Ufunge mkono kifuani jinsi ulivyoukuta, muende hospitali.

Bega jekundu, la moto, lenye homa, nalo ni la hospitali. Na maumivu ya bega yanayokuja bila kuumia, pamoja na kifua kubana, jasho au pumzi kukata, yanaweza kuwa ya moyo. Hapo usisubiri hata saa moja.

Hatua ya 2: Jaribu mwendo

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naithamini kuliko zote. Nyanyua mkono mwenyewe, kisha mtu akunyanyulie taratibu.

Ukishindwa mwenyewe lakini ukinyanyuliwa unapanda, shuku kano iliyochanika. Ukipanda wote ila unauma katikati ya safari tu, kwa kawaida kano imevimba na inabanwa. Sasa bana viwiko vyote mbavuni, vikunje, kisha fungua mikono kwa nje kama milango miwili. Mkono mmoja ukikwama hata ukisaidiwa, bega linaganda, hasa kama una kisukari au umevuka miaka 40. Eksirei bado inahitajika, kwani baridi yabisi ya bega na mteguko uliopita bila kugunduliwa hukwama vivyo hivyo.

Ukisikia mlio kisha msuli wa mbele ukajikusanya kama donge karibu na kiwiko, kano yake imekatika; muone daktari ndani ya siku chache.

Hatua ya 3: Siku 2 au 3 za mwanzo

Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Usikande kwa nguvu. Lala chali, mto chini ya kiwiko. Vidole, kifundo na kiwiko viendelee kufanya kazi.

Hatua ya 4: Rudisha mwendo

(Bega lililoteguka au mfupa uliovunjika husubiri ruhusa ya daktari.)

Inama, mkono mzima ushike meza, ule mgonjwa uning'inie umelegea kabisa. Yumbisha kiwiliwili ili mkono ufuate wenyewe, dakika 1 au 2, mara tatu kwa siku. Wengi huuzungusha kwa misuli ya bega, na hapo zoezi limepoteza kazi yake. Baada ya siku chache, pandisha vidole ukutani kama buibui, ukiweka alama ulipofika.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiwepo bado kesho asubuhi kwa ukali zaidi, punguza nusu. Mwendo ukirudi, funga mpira wa kuvuta kwenye kitasa, kiwiko mbavuni, uvute kwa nje polepole mara 10. Kano hujenga nguvu kwa miezi, kwa hiyo usiache maumivu yanapoisha. Endelea walau wiki 12. Kurusha vitu na kunyanyua mizigo juu ya kichwa vije mwisho, mkono huo ukishaweza kuvuta mpira sawa na mwenzake.