Somo: Kuchimba kisima cha nyumbani Dar bila kuangukia kwenye chumvi

Wakuu, kisima changu cha kwanza, Mbezi Beach, kilitoa maji matamu miezi minane. Wa tisa, chai ikawa na chumvi na hakuna aliyeitia. Siku ya kuchimba fundi aliniambia, "Bosi, tuongeze mita kumi, maji yawe mengi." Nikalipa, tena nikamshukuru. Kwa hiyo haya nimeyasomea kwa ada.

Hatua ya 1: jua umekalia nini. Dar si Dodoma, huku mara nyingi hugongi mwamba. Kuna mchanga, chini yake mfinyanzi, kisha mchanga tena. Maji ya mchanga wa juu hupatikana upesi, lakini ndiyo yanayopokea vyoo vya shimo vya mtaa mzima. Yaliyo chini ya mfinyanzi yana kinga zaidi.

Karibu na bahari kuna jambo jingine. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo maji baridi (yasiyo na chumvi) huelea juu yake. Wataalamu hukadiria hivi: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo. Pampu ikishusha maji mita 1 na yakabaki hapo, chumvi inaweza kupanda kukufuata kwa mita 40. Mimi nilichimba kwenda kuipokea.

Hatua ya 2: zungukia majirani. Usiishie kuuliza kama wana maji. Uliza kina, mwaka wa kuchimba, na ladha mwishoni mwa kiangazi. Hii ni bure na watu huiruka.

Hatua ya 3: savei. Mtaalamu hupitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani wake. Tatizo ni kwamba mfinyanzi na mchanga wenye chumvi vyote huonyesha ukinzani mdogo, kwa hiyo asiyetaka habari za visima vya jirani anabahatisha. Anayekuja kutafuta maji kwa vijiti viwili vya mpera, mpe soda aende zake.

Hatua ya 4: kibali. Kwa Dar ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Mchimbaji naye awe na leseni, uione kwa macho.

Hatua ya 5: siku ya kuchimba usiende kazini. Udongo unaotoka upangwe chini kwa mafungu, kila mita chache fungu lake. Mabomba yenye matundu yakae kwenye mchanga wa chembe kubwa tu, yazungushiwe changarawe. Pale mlipotoboa mfinyanzi pazibwe, la sivyo uchafu wa juu utateremka kando ya bomba. Juu kabisa, saruji.

Hatua ya 6: pima. Pampu ivute kwa saa nyingi mfululizo huku mkipima maji yanashuka kiasi gani. Kisha sampuli iende maabara: chumvi, naitreti (kemikali itokanayo na uchafu wa vyoo), vijidudu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kigamboni: Mkuu, pampu kubwa si itajaza simtanki haraka?*
Itajaza, na itaivuta chumvi haraka vilevile. Weka ndogo, ijaze polepole usiku kucha.

*Tandika: Choo kiwe mbali kiasi gani?*
Wengi hushika mita 30. Ila dada, kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakina hizo mita, na choo cha jirani nacho kihesabu. Hapo nenda chini ya mfinyanzi, na maji ya kunywa chemsha. Naitreti lakini haiondoki kwa kuchemsha. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, usimpe mtoto mchanga.

*Arusha: Na sisi wa huku?*
Kwenu shida ni floraidi ya miamba ya volkano, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Haina ladha, wala kuchemsha hakuiondoi. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Pimeni kabla ya kununua pampu.

*Tabata: Kile kisima chako cha Mbezi ulikifanyaje?*
Kipo. Kinamwagilia minazi miwili, na haijalalamika.