SOMO: Kuotesha protea mfalme kwa mbegu

Wakuu, swali la "protea yangu imenyauka, nifanyeje?" limejibiwa vya kutosha. Nayaweka majibu yote hapa. Ni ile Protea cynaroides, ua la taifa la Afrika Kusini.

1. Udongo: mchanga wa chembe kubwa sehemu 2, majani ya msonobari yaliyooza sehemu 1.

2. Moshi: kwao Cape, huko Afrika Kusini, moto ukishapita, kemikali za moshi huziamsha mbegu. Choma majani makavu kwenye debe, pitisha moshi kwa bomba ndani ya ndoo ya maji kwa saa 1. Kikombe 1 cha maji hayo, vikombe 10 vya maji safi; loweka saa 24. Yakiwa makali, mbegu hazioti.

3. Fukia sentimita 1. Mwagilia asubuhi.

4. Subiri mwezi 1 hadi 3. Usiku uwe na baridi, nyuzi 5 hadi 10.

5. Mbolea. Hapa ndipo miche mingi hufia. Mizizi yake midogo hujikusanya kama brashi ili kukamua fosforasi (kirutubisho cha mimea) haba ya udongo maskini. Ukiipa DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, haijui kuacha, hunyonya mpaka inajiua: majani ya zamani yanaungua kingo, machanga yanageuka manjano. Kwa hiyo USIWEKE DAP, TSP (nayo ni mbolea ya fosforasi) wala samadi ya kuku. Shamba lililolishwa DAP miaka mingi liache kabisa. Fosforasi hung'ang'ania udongo, haioshwi kwa maji.

Maswali yenu na majibu yangu:

Nimeweka DAP kijiko kimoja tu, majani ni manjano. Dawa gani?
Soma namba 5. Badilisha udongo wote.

Kwa kuwa inapenda moto, nichanganye majivu?
Swali zuri. Usichanganye. Majivu huondoa tindikali, nayo protea inaitaka, pH (kipimo cha tindikali) 5 hivi. Faida ya moto kwa mbegu ni moshi. Mti mkubwa nao una kisiki kinene ardhini chenye macho ya kuchipua. Ukiungua juu, huchipua upya. Ndiyo maana protea hii inavumilia kukatwa chini kuliko nyingi za jamii yake.

Limuru itakubali?
Penye chai pana tindikali inayofaa. Chagua mteremko usiotuamisha maji, usiowahi kuwekwa NPK, mbolea ambayo nayo ina fosforasi. Hata Kilimanjaro, juu ya msitu, kuna protea ya asili.

Vipandikizi je?
Vinawezekana. Kata sentimita 15 za tawi la msimu huu lililoanza kukomaa, ondoa majani ya chini, chovya kwenye homoni ya mizizi, chomeka kwenye mchanga wenye perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba). Mizizi huchukua miezi 2 hadi 4. Usivute kuangalia, inakatika.