Dhiki ya mgonjwa wa saratani: kuipima na kuishughulikia ukiwa kando ya kitanda

"Usijali, utapona" ni neno la huruma, lakini mara nyingi ndilo linalomfunga mgonjwa mdomo. Vuta kiti ukae, macho yenu yalingane, kisha uliza: "Kwa wiki hii nzima hadi leo, dhiki yako ni ngapi, 0 ikiwa huna kabisa na 10 ikiwa imekuzidi nguvu?" Akitaja 4 au zaidi, muulize inatoka wapi: maumivu, usingizi, pesa, watoto, ndoa, imani? Andika namba pamoja na chanzo chake. Namba tupu haimfai muuguzi wa zamu inayofuata.

Kisha kagua mwili kabla ya kusema "ana mawazo". Hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa anayeinuka na kukaa, miguu haitulii, huenda hana wasiwasi wowote. Metoklopramidi aliyopewa kuzuia kichefuchefu huweza kuleta hali hiyo, kwa hiyo mjulishe daktari. Deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe na kichefuchefu) ya jioni hufukuza usingizi. Uliza kama dozi inaweza kuhamishiwa asubuhi. Aliyenyamaza ghafla, anasinzia na kuchanganya siku, usimwandikie sonona (ugonjwa wa huzuni nzito): maambukizi, kalsiamu iliyopanda kwenye damu au dawa za maumivu huvuruga fahamu, na hiyo ni dharura. Na maumivu ya 7 kati ya 10 hayatulizwi kwa ushauri nasaha.

Uchovu na kukosa hamu ya kula havitoshi kuthibitisha sonona, maana saratani yenyewe huvileta. Tazama zaidi kama kwa wiki 2 hafurahii lolote, anajiona mzigo, hana tumaini. Hapo uliza waziwazi: "Umewahi kuwaza kujiua?" Swali hili halimpandikizii wazo. Akikubali, uliza kama ana mpango, ondoa dawa na vyenye ncha karibu naye, usimwache peke yake, mwite daktari.

Kwa hofu ya kabla ya dripu, pumueni pamoja: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa 6, dakika 5 hivi. Anayebanwa na pumzi usimhesabie, atazidi kuhangaika. Mwinamishe mbele kidogo, mikono juu ya mto, feni ndogo impulizie usoni.

Mkionana tena, muulize namba ya dhiki upya. Ikiwa maumivu na usingizi vimerekebishwa na bado anataja 6, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili.